Ngoma Iliyokamwa

Jumanne moja ya mwaka wa hamsini na tano, wanawake wa kijiji kimoja cha Emergency, ambamo serikali ya mkoloni iliwafungia watu wakati wa Mau Mau, upande wa Runyenjes, walikuwa wakichimba handaki, na Wambeti alikuwa akichapwa kiboko kwa sababu miguu yake ilikataa kutulia. Homgadi, askari mwenyeji wa serikali, alimwamuru aache kucheza. Wambeti akasema hachezi, ni wimbo. Ulimwingia siku ile mumewe Kathuri alipopelekwa kizuizini na ng'ombe wao, Ndune, akakamatwa na serikali, na tangu hapo haukumpa nafasi hata ya kukaa chini. Akikoroga uji, kiuno kinakwenda. Akilala, vidole vya miguu vinagonga ukuta. Binti yake Nelius, wa miaka mitatu, alikuwa amevimba tumbo kwa njaa, na daktari wa misheni alisema dawa yake ni maziwa. Maziwa! Katika kijiji ambacho hata mbuzi hakuvuka lango bila pasi.

Wiki hiyo akaja Bwana Maendeleo, mzungu wa soksi ndefu na nia njema. Alisema serikali inataka kuwasaidia wachezaji na waimbaji wa wenyeji. Watunge mchezo mpya, wauonyeshe barazani, na watakaojiandikisha watatolewa handakini kila alasiri wafanye mazoezi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba ngoma zote za kijiji zilichomwa na serikali hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Mdomo huponza kichwa. Wambeti aliinua mkono kabla mkalimani hajafunga kinywa.

Fundi wa ngoma alikuwa mzee Njoka. Gogo lililotobolewa alikuwa nalo, alilificha juu ya mti kama mzinga wa nyuki na nyuki wenyewe wakaamini. Ngozi ndiyo hakuwa nayo. Akapewa pasi, akaenda Majengo, mjini Embu, kwa Idrisi mchinjaji, ambaye serikali ilimpelekea ng'ombe waliokamatwa.

"Ya mgongo imeisha, mzee wangu," Idrisi alisema. "Homgadi wamekata viatu. Imebaki ya tumbo."

"Ngozi ni ngozi," Njoka akajibu, ingawa kila fundi wa huko anajua kwamba ya tumbo haiwambwi, hulegea. Lakini mwenye shida hachagui.

Aliiloweka, akaiwamba, akaikaza kwa vigingi na kuianika karibu na moto. Pembeni aliacha manyoya kidogo kama ilivyo desturi. Yalikuwa mekundu, yenye baka jeupe.

"Huyu si Ndune?" Wambeti aliuliza.

"Ndiye," alisema Njoka, aliyewahi kumtibu kwato. Wakaanza mazoezi.

Ngoma ilitoa maziwa siku hiyo hiyo. Walipoimba wengine ilikaa kavu, maana Ndune hakuwahi kuteremsha maziwa kwa sauti ya mtu mwingine. Wambeti alipoanza kuimba, ngozi ikalegea na maziwa ya moto yakadondoka chini. Njoka alinung'unika kwamba ngozi ikilowa sauti inaharibika, akaweka kibuyu. Nelius akanywa. Baada ya majuma machache tumbo lilikuwa limeshuka na mtoto anakimbiza kuku wa homgadi, akatukanwa, na mama yake alifurahi mpaka akalia.

Shida ilikuwa moja. Ndune hakutaka kurudiwa. Ubeti wa jana haukumpa hata tone, kwa hiyo kila alasiri Wambeti alitunga mwingine: wa nyumba zilizochomwa, wa kamba mikononi mwa Kathuri, wa handaki. Wenzake walilalamika kwamba wimbo haushikiki. Yeye mwenyewe alikonda kwa kutunga.

Siku ya baraza walicheza mbele ya watu wote. Maziwa yalitoka vizuri, yakatiririka hadi kwenye viatu vya Bwana Maendeleo. Alipiga makofi, akasema hivi ndivyo alivyotaka: kitu kipya. Kisha Misheck, hedimani wa kijiji, akasimama.

"Mama Nelius, hii si ng'ombe ya Kathuri?"

"Ni yake."

"Basi ilikamatwa. Mali ya mtu wa kizuizini ni ya serikali. Hata ikigeuka ngoma, hata ikigeuka kiti."

Sheria ilikuwa hivyo kweli, na mnyonge hana haki. Ngoma ikapelekwa bomani kwa Misheck, ikafungwa kamba nguzoni kando ya ng'ombe wake wa gredi, wa mbegu ya kizungu. Homgadi waliipiga kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wapi! Haikutoa kitu.

Ndipo Wambeti akaitwa. Alitolewa handakini kabisa. Alipewa mkeka, leso mpya na pasi ya kwenda kwa hedimani kila jioni kutunga wimbo. Alitunga. Alijaribu siku moja kunyamaza, wakamfungia Nelius kwenye seli ya homgadi hadi alipoimba.

Bwana Maendeleo alikuja kumtazama akifanya kazi. Alikaa kwenye kiti cha Misheck, akapewa glasi ya maziwa, akasikiliza na machozi yakamlengalenga. Alisema wilaya nzima hakuna msanii aliyepata msaada kama huu. Akamuuliza kwa Kizungu kama kuna jambo analokosa, na Misheck akafasiri.

Wambeti alijibu kwa Kiembu, miguu ikipiga chini bila kupumzika. "Mwambie naomba kikombe kimoja cha mtoto. Tumbo limeanza kuvimba tena."

Misheck akamgeukia mzungu.

"Anasema asante," alisema, "na anaomba ruhusa ya kuendelea."

Bwana Maendeleo akamruhusu.