Aliyesoma Upande wa Binti

Tangazo lilikuja Jumatatu kwenye kundi la simu la waigizaji, mimi niko kazini, mikono imejaa mashuka. "Anahitajika mwanamke wa miaka 45 hadi 60, mama mwenye uchungu wa moyo, tamthilia ya sehemu sita. Usaili Ijumaa, saa mbili asubuhi." Wanaoandika matangazo haya wanajua aina mbili tu za wanawake wa umri wangu: mama mwenye uchungu na jirani mmbea. Jirani mmbea nimeshaigiza mara nne, na zote walinikata.

Mimi ni mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Watu wananiita Mama Pasi. Nimezunguka kwenye usaili miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo maneno yangu yaliyobaki kwenye filamu ni tisa: "Mgonjwa ameshapelekwa wodini," "Karibuni, yupo ndani," na "Jamani, mwizi huyo!" Hesabu mwenyewe. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nimevumilia mpaka mbivu zimeoza na nzi wameshiba.

Safari hii ilikuwa ya mwisho, na sisemi hivyo kwa kudeka. Bosi alitaka kunipa usimamizi, asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki, na alitaka jibu Jumatatu inayofuata. Msimamizi haombi ruhusa ya kwenda kulia mbele ya watu asiowajua. Nikipata sehemu ya yule mama, nitamjibu hapana. Nikiikosa, nitamjibu ndiyo, na usaili ndiyo basi tena. Nilimwambia binti yangu hivyo. Akasema, "Haya," bila kuinua macho.

Binti yangu ndiye msomaji wangu. Mimi nasoma upande wangu, yeye anasoma wa wengine wote. Alianza akiwa na miaka kumi na tatu. Sasa ana ishirini na nne, anauza dawa kwenye duka la dawa, anarudi jioni miguu imevimba, na mimi niko mlangoni namsubiri na karatasi.

"Mama, sikuja kukaa nimefuata vyeti vyangu tu," akasoma Jumanne ile, kwa pumzi moja, kidole kikiendelea kusogeza simu.

"Hapo katikati kuna nukta. Hujaiona?"

"Nimeiona."

"Basi ipe haki yake. Huyu ameondoka nyumbani miaka mitano. Amerudi, anamwambia mama yake hakuja kukaa. Mama anakunja nguo. Ukinyamaza pale, mikono yangu inasimama. Usiponyamaza, itasimama saa ngapi?"

"Mama, mimi nimechoka kuwa watoto wako wote. Nimekuwa mwizi, nimekuwa bibi harusi, mwaka juzi nikawa maiti."

"Maiti hakusoma chochote."

"Ndiyo niliyoipenda."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Nikamwacha akalale. Jumatano na Alhamisi nilisoma pande zote mbili peke yangu mbele ya meza ya pasi, mvuke ukinipiga usoni, na wenzangu wamenizoea, hakuna aliyeuliza naongea na nani. Kufika Ijumaa niliujua upande wa binti kama nilivyoujua wa mama.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Ngazi zilinuka rangi, na juu kulikuwa na benchi tatu zilizojaa akina mama wenye uchungu, kila mmoja na namba yake. Mimi nilikuwa wa thelathini na moja. Wa thelathini alikuwa Mwalimu.

Mwalimu amestaafu kufundisha shule ya msingi, na mimi na yeye tumekutana kwenye mabenchi haya miaka minane. Yeye huja na chupa ya chai, mimi huja na pini na uzi. Namjua presha yake, ananijua magoti yangu. Aliwahi kuniambia kwamba tangu astaafu hajaitwa popote ila misibani. Alisema kwa kicheko, lakini neno lile nililikumbuka.

Kabla hata hatujamaliza kikombe cha kwanza, dada wa orodha akatoka. Msomaji wao, anayesoma upande wa binti, fizi imemvimba, hawezi kufungua mdomo, ameondoka. Kuna yeyote anayeujua upande ule?

Kiherehere changu kikanyanyua mkono kabla yangu.

Mwalimu akanivuta gauni. "Kaa chini, wewe. Utachoka kabla zamu yako haijafika."

"Wataniona siku nzima."

"Watakuona mgongo," akasema.

Na kweli. Kiti cha msomaji kilikuwa kimeipa kamera mgongo. Mbele yangu palikuwa na meza, beseni la nguo za kukunja, na mama mmoja baada ya mwingine. Mwongozaji alikaa pembeni na kalamu yake. Walikunja nguo zile kama watu wanaofunga mizigo ya kuhama, na mimi, ambaye mikono yangu imekunja mashuka ya hospitali nzima, niliwatazama nikajisikia vizuri.

Kufikia wa saba nilikuwa nimegundua jambo. Nikisema "Mama, sikuja kukaa," halafu nikanyamaza, hata asiyejua kuigiza anashtuka kidogo, mikono inapoa, uso unabadilika. Nikiunganisha maneno yote kwa pumzi moja, anazama. Anabaki anakunja nguo na kutafuta pa kushika. Kumbe akina mama wote walikuwa mkononi mwangu.

Wa kumi na mbili alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, na alikuwa mzuri. Nilimjua kwa jinsi alivyokaa tu. Aliokota soksi ya mtoto, akaitazama, akasubiri nimwambie. Nikamwambia kwa pumzi moja. Mikono yake ikapotea, akajibu haraka, akajua ameharibu, akanitazama. Nilitazama karatasi. Mwongozaji akasema, "Asante, tutakupigia," kwa ile sauti tunayoijua sote. Nilifanya kusudi. Sikuteleza wala sikuchoka, na hadi leo nikikiona kitambaa cha kijani sokoni nageuza njia.

Baada ya hapo sikumkimbiza mtu kwa kusudi, lakini uchovu ulinikimbizia. Wa ishirini, wa ishirini na mbili, sauti yangu ikawa kavu, nikawa nasema tu ili imalizike. Nilijisikia mwenyewe, na niliyemsikia alikuwa binti yangu. Ile ile, ya jioni, ya miguu iliyovimba. Mimi nilikuwa nimeusoma upande ule mara ishirini kwa siku moja nikataka kulia. Yeye amenisomea miaka kumi na moja. Niliona aibu, na nilikuwa sina pa kuipeleka.

Mwalimu akaingia. Akakaa, akaniwekea macho, akatabasamu kidogo kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Aliniamini. Na mimi nilijua kwamba kati ya wote thelathini, wa kuniondoa ni huyu.

"Mama, sikuja kukaa."

Nikanyamaza. Nilimpa kimya chote nilichokuwa nacho.

Alikuwa na shati la shule mkononi. Hakuniangalia. Alinyoosha kola kwa kidole gumba, taratibu, kama anasahihisha daftari la mtoto anayempenda. "Nimefuata vyeti vyangu tu," nikamalizia. Akasema, "Vipo pale pale ulipoviacha. Hakuna aliyevigusa." Mwongozaji akaweka kalamu chini. Siku nzima alikuwa hajaiweka.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilizunguka meza nikakaa upande wa beseni. Mwongozaji akauliza, sasa huyu nani atamsomea? Mwalimu alikuwa bado mlangoni na chupa yake ya chai.

"Nitamsomea mimi," akasema. Nikafurahi, jamani. Nilifurahi kabisa.

Akavaa miwani. Nikachukua shuka, nikaanza kulikunja vile ninavyojua.

"Mama sikuja kukaa nimefuata vyeti vyangu tu."

Pumzi moja. Niliinua macho, naye alikuwa anatazama karatasi. Mikono yangu haikupata pa kusimama, na nilipojibu, sauti ilitoka mikwaruzo mitupu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Asante," akasema mwongozaji. "Tutakupigia."

Tulishuka ngazi. Chini, penye makopo ya rangi, alinimiminia chai. Nikakataa, mara ya kwanza katika miaka minane.

Jumamosi simu haikulia, Jumapili haikulia. Jumatatu asubuhi nilimwambia bosi ndiyo, akanipa funguo za stoo ya sabuni. Jioni nimekaa nyumbani, binti yangu kajinyoosha kwenye mkeka, simu ikaita. Mwalimu.

"Mama Pasi, wamenichukua."

"Hongera."

Akanyamaza. Kumbe akitaka anajua kunyamaza.

"Natafuta mtu wa kunisomea. Sehemu zote sita. Sijaona mtu anayesoma kama wewe."

"Mwalimu, kwa nini ulinikimbiza?"

Hakujitia hamnazo, hilo namsifu. "Ningekusomea vizuri, wangekuchukua wewe."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, nikataka kumkatia simu, na sikumkatia. Kwa sababu katika miaka kumi na moja hakuna mwongozaji, hakuna jirani, hakuna mtu wa damu yangu aliyewahi kunisifu hivyo. Nililia kidogo, na nilimkumbuka mwenye kitambaa cha kijani, ambaye hakuna aliyempigia kumwambia.

"Jumapili saa tisa," nikamwambia. "Chai unachemsha wewe."

Nilipoweka simu, binti yangu alikuwa ameinua kichwa.

"Unaenda kumsomea?"

"Ndiyo."

"Upande gani?"

"Wa binti."

Akanitazama sana, kisha akasogea kunipisha nikae mkekani.

"Karibu kazini," akasema.