Beseni la Majina

Mshika mila ni mtumwa. Wazee wetu walisema kinyume chake, lakini bwana Paulin Ilonga aliona methali yao ingependeza zaidi ikisimamishwa kichwa chini miguu juu, na kila kikao alikifungua kwayo. Aliisema kwa Kifaransa. Mimi nililipwa kuwafasiria vijana kwa Kiswahili. Ilinikaa kinywani kama unywele ndani ya bugali.

Kituo chetu kilikuwa Beni, mashariki ya Kongo, mtaa wa Beu, katika ukumbi wa kanisa moja. Ilikuwa miaka ile ya vita ambapo kila barabara ilikuwa na wenye bunduki wake, na vijana waliokimbia vijiji walijaa mjini. Walikuwa watu wazima kwa umri, wavulana wenye ndevu na wasichana wa kuolewa, lakini ukiwauliza kitu walijibu ndani ya kola ya shati. Bwana Paulin, mtu wa Kinshasa, aliletwa na wafadhili ili awafanyie tiba ya kujiamini. Kiswahili hakukijua, ndiyo maana walinitafuta Butembo, mimi Emérence Kavuo, mwenye diploma ya serikali na ulimi usiokwama.

Tiba yenyewe sikuipinga. Nani angependa kuona mtu wa miaka ishirini akiomba chumvi kwa kunong'ona? Wiki za mwanzo aliwafundisha kusimama wima, kuvuta pumzi, kumtazama mtu machoni. Hayo niliyatafsiri kwa moyo wote.

Kisha akagundua majina yetu.

Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu aliyozaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavuo, halafu Kahambu, halafu Katungu. Jina la ubatizo huja baadaye. Bwana Paulin alipoelezwa jambo hilo alipiga paja lake kwa furaha, kama daktari aliyemwona mdudu kwenye darubini. Alisema ugonjwa wetu ndio huo. Tunaitwa kama magunia ghalani, la kwanza, la pili, la tano. Mtu aliyeitwa wa tano tangu utotoni atajithamini vipi?

Baba yangu alikuwa kijana enzi za Zaire, serikali ilipokataza majina ya ubatizo, na padri alimwita Gérard kwa kunong'ona. Sasa alikuja huyu kuchukua lile lililobaki.

Dawa aliitunga mwenyewe. Kwenye sahani alipanga vipande vya ganda la kinkina, mti ule tunaoulima kwa ajili ya dawa ya malaria, mchungu kuliko nyongo. Kijana alitafuna ganda, akataja jina lake la zamani, akalitema pamoja na mate ndani ya beseni. Kisha alipewa bonbon ya kuondoa uchungu, akaenda mbele ya kioo na kujitaja kwa jina jipya alilojichagulia. Aliyekamilisha tiba angepata chombo cha kazi: mashine ya kushona, au sanduku la seremala.

Basi walitema. Malachie, jitu refu lililokuwa likibeba mbao sokoni, alitema lake la zamu, akawa Champion. Kavira mmoja akawa Victoire. Siwalaumu. Njaa haina methali.

Beseni lilikuwa la bati jeupe lenye maua mekundu, lile lile ambalo mama zetu huogeshea watoto wachanga. Jioni lilikuwa na mate ya kahawia, makombo ya maganda, na nzi. Nililimwaga mimi, kwa kuwa mfasiri alihesabiwa pia kuwa msaidizi. Nilifumba macho na kubana pua, na bado usiku chakula kilinishinda. Nilipomwambia bwana Paulin kwamba kutemesha watu majina ni uchafu, alinipigapiga begani. Alisema mimi ni mdomo wake, na mdomo haujawahi kuombwa mawazo.

Katungu alikuwa hajatema. Alitoka kijiji cha upande wa Kalunguta, ambako watu wenye silaha waliingia wakati wa kuvuna maharagi, na katika nyumba yao alibaki peke yake. Ukumbini hakufungua kinywa. Hata nami hakuzungumza, mpaka siku aliposikia mpishi akiniita Kavuo. Jioni hiyo alinifuata nyuma ya jiko, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia kwamba Kavuo wa kwao ndiye aliyekuwa akimsuka nywele.

Tangu hapo alikuja kila jioni. Aliitaka mashine ya kushona, aliitaka sana. Alikuwa amekwisha kuchagua mahali atakapoiweka, kwenye baraza la duka moja lenye kivuli. Lakini jina lilimshinda.

"Yaya," aliniuliza, "nikitema Katungu, bale bane batakwenda wapi?"

Wale wanne, yaani dada zake. Mtu hawi wa tano bila wanne mbele yake. Makaburi yao hayakuwepo, wala picha, wala shahidi. Walichobakiza duniani ni zamu waliyomwachia mdogo wao.

Siku ya kufunga mafunzo walikuja wafadhili wawili, bwana na bibi. Mkurugenzi wetu, mama Jokébed, aliwakalisha kwenye viti vyenye vitambaa. Bwana Paulin, akiwa amejipaka manukato hadi nzi wakamkimbia, aliwaeleza dawa yake, kisha akamwita Katungu awe wa kwanza. Alimchagua makusudi. Aliyevunjika zaidi ndiye angependeza zaidi akiungwa mbele ya wageni.

Katungu alisimama. Akachukua ganda, akalitia kinywani, akatafuna. Bwana Paulin akamsogezea beseni. Niliona taya lake likienda polepole, machozi ya uchungu wa kinkina yakimtoka, na ukumbi mzima ukingoja lile tone lianguke.

Akameza.

Alimeza yote, kwa shida, shingo ikipanda na kushuka. Kisha akayainua macho kutoka sakafuni, akamtazama yule bibi usoni, sawasawa kama alivyofundishwa.

"Masika," akasema. "Kavira. Kavuo. Kahambu." Akavuta pumzi. "Na miye njo Katungu."

Hakupaza sauti, lakini walio mlangoni walisikia. Hicho ndicho wafadhili walichokuwa wamemlipa bwana Paulin akifanye, nacho kilifanyika mbele ya pua yake asikitambue. Aliwageukia wageni akicheka, akasema binti huyu ugonjwa umemrudia, akaniamuru niseme kwamba amechoka.

Niliwaambia wageni, kwa Kifaransa safi, alichosema Katungu. Niliwaambia hao wanne ni nani na kwamba hawakuzikwa. Bwana Paulin alinikata kwa Kilingala, kwa sauti ya askari wa kizuizini: "Kanga monoko." Funga mdomo.

Badala ya kufunga mdomo, nilichukua ganda kwenye sahani nikamtia mkononi.

"Mwalimu atangulie," nikasema, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. "Tema Ilonga."

Yule bibi mfadhili alidhani ni sehemu ya programu. Akapiga makofi kumtia moyo. Bwana Paulin angefanya nini? Alitafuna. Uso ulikunjamana, mashavu yakajaa, mate ya kahawia yakaanza kumchuruzika kwenye tai. Nikamshikia beseni. Ukumbi ukangoja.

"Ilonga ni jina la babu yangu," akasema, kinywa kimejaa. "Siwezi."

Kwa mara ya kwanza sikuhitajika kutafsiri, maana uso wake ulieleweka. Malachie akasema kutoka nyuma kabisa: "Patron, donc utakosa mashine."

Walicheka vijana wale, wakacheka kwa midomo wazi, hata walioshindwa kuomba chumvi. Bwana Paulin akajitupa kitini, nami nikamwekea beseni mapajani. Lilikuwa na mate ya mazoezi ya asubuhi, nayo yalimwagika kwenye suruali. Nikatoka, na Katungu akanifuata mpaka kwetu Butembo.

Mama Jokébed alifunga safari hadi Butembo kututafuta. Alikaa sebuleni kwetu amejifunika shali kwa sababu ya baridi, akanywa chai ya mama yangu, akazunguka mbali kabla ya kufika. Alisema wageni hawajakasirika sana. Alisema kazi yangu bado ipo. Kilichotakiwa ni mimi kumwomba radhi bwana Paulin, kwa neno moja tu, na Katungu naye angepata mashine yake.

Nilimwita Katungu kutoka jikoni, kwa kuwa mashine haikuwa yangu niikatae. Alikuja na mikono inayonuka vitunguu, akasikiliza akiwa amesimama.

"Na jina?" akauliza.

Mama Jokébed aliangalia ndani ya kikombe. Akasema jina ni lazima litemwe, maana ndiyo tiba yenyewe, ila ingekuwa mara moja, ofisini, bila wageni. Mwanangu, nani atakuona?

"Hapana, mama," Katungu akasema. "Bataniona bale bane." Akarudi kumenya vitunguu vyake.

Mama Jokébed alinigeukia. Alisema mimi ni msomi, ninajua kwamba neno radhi halimwui mtu. Alisema nimemwaibisha mgeni, nimemmwagia mtu mzima mate ya watu, na hata kama alikosea, mate ni mate.

Nilikubali kwamba mate ni mate. Nilimwambia ampelekee bwana Paulin salamu kwamba yale yalikuwa ya watu wenye majina, na kwamba nilipolimwaga beseni lile kila jioni hakuna aliyeniomba radhi. Mimi siombi. Si leo, si kesho, si kwa neno moja wala kwa nusu yake.