Kupe Nyuma ya Sikio la Kiema

...si kidoti, kidoti hakina miguu, Nzembi anajiambia, kichwa cha mwanawe kikiwa pajani pake hapo mlangoni penye mwanga, na nyuma ya sikio la Kiema kupe ameganda, amevimba kama mbegu ya papai, na jirani yake Mama Shiundu ameshachutama na kiberiti mkononi, "Mshike vizuri, Mama Kiema, nikimgusa na moto ataachia tu," ataachia, au atatapika uchafu wake ndani ya mtoto, mama yangu kule Kitui alikataza moto, alimbana kupe karibu na ngozi akavuta taratibu, au hiyo ilikuwa njia ya mbuzi, ya watu ni nyingine... "Ati msichana wa Ukambani anaogopa kupe! Si nyinyi hulala na mbuzi?" na Nzembi anacheka, atakosaje kucheka, huyu ndiye anayemshikia Kiema yeye akienda kufua nguo za watu Makadara, hataki hata sabuni ya shukrani, ndiye aliyemtandikia leso kwenye nyasi nyuma ya nyumba apate upepo, karibu na pale alipofungwa mbuzi wa tohara ya Shiundu, sasa nikisema weka hicho kiberiti atadhani namlaumu, na je, simlaumu?... haa, Nzembi alipulizia nyasi hivyo akiwa mtoto kule Kitui, na kupe aliyengoja kwenye ncha ya jani akanyoosha miguu ya mbele, akaipunga hewani, kumbe miguu ndiyo pua yake, anatafuta pumzi, joto, harufu ya mwili unaopita, na Kiema naye siku aliyozaliwa, macho hayajafunguka sawasawa, alinusanusa kifuani pangu mpaka akalipata ziwa, nesi akasema mwache, atafika mwenyewe... mwenyewe, basi hata huyu alikuja mwenyewe, hakuletwa na leso wala na mkono wa mtu, aliisikia pumzi ya mtoto aliyelala akaifuata, "Mama Kiema, niwashe?" na Kiema anavuta kamasi, kupe hajatikisika, kijiti kiko juu ya kiberiti, na Nzembi anaona kwamba hapana anayoitafuta si ya kumsema Mama Shiundu, ni hapana ya moto tu, inaweza kusemwa kwa upole, uniletee kibano cha nyusi, dada, tumvute pamoja, wewe una mkono mtulivu kuliko wangu, ndiyo, hivyo hivyo, na anafungua kinywa...