Upatu wa Upande wa Pili

Mvua ilikuwa imeukamata mji wa Klaten, kisiwani Java, tangu adhuhuri. Ndani ya karakana ya Pak Wagimin, yaani Mzee Wagimin, kompyuta mbili kuukuu zilikaa mezani zikitazamana kama wazee wasioelewana lugha. Ya kushoto ilikuwa ya marehemu Pak Kardi. Skrini yake ilishakufa, lakini kisoma disketi chake kilikuwa bado kinapumua. Ya kulia ilikuwa na skrini na printa, ila disketi za mwenzake haikuzijua kabisa. Ukiitia moja inakwambia ni tupu, kisha inauliza kwa adabu kama iifute.

"Mpwa wangu nusura aikubalie," alisema Bu, yaani Mama, Sulasmi, mjane wa Pak Kardi.

"Mpwa wako mpe fagio, Bu," alijibu Wagimin. "Mashine asiguse."

Mama huyo alikuwa amekuja na sahani ya tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, vya kukaanga, na disketi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Keshokutwa ilikuwa siku ya elfu tangu mumewe azikwe. Baada ya siku hiyo hakuna tena karamu ya kumkumbuka; mtu anaachiwa aende zake. Kundi la marehemu la gamelan, muziki wa Kijava wa vibao vya shaba na upatu, lilitaka kumsindikiza kwa wimbo wake wa mwisho, na wimbo huo haukuwa kwenye karatasi yoyote. Aliuandika kwenye kompyuta, tarakimu moja kwa kila pigo, akaufungia kwenye disketi ile.

Disketi ilikuwa imeota ukungu. Wagimin aliifuta taratibu kwa pamba, akamweleza mama bila kuzungukazunguka kwamba kila ikisomwa itaparuzwa, na huenda ikasomeka mara moja tu. Kisha akaunganisha mashine mbili kwa waya, akaiamuru ile kipofu kwa kubonyeza vitufe alivyovikumbuka kwa vidole tu. Aliiwekea mwendo wa chini kuliko wote, maana ikienda mbio waya ule ulimeza tarakimu.

Disketi ikaanza kunguruma. Kwenye skrini ya kulia tarakimu zikashuka mojamoja. Mbili, tatu, tano, sita.

Wagimin alikuwa amepiga vibao vya shaba katika kundi la Kardi kwa miaka ishirini, hakuhitaji ala kuusikia wimbo. Tano ikaita, sita ikaitika. Mvua juu ya bati ikageuka ngoma, harufu ya nyaya ikapotea, ikaja ya sigara za karafuu. Kardi alikuwa hapo nyuma kidogo ya bega lake, miguu amekunja, akihesabu kwa kidevu. Mkono wa Wagimin ulikuwa ukipiga hewa bila yeye kujua.

Tarakimu zikakoma, mkono ukabaki juu.

Mama aliuliza kwa sauti ndogo kama ndiyo mwisho. Wagimin alisema siyo. Pigo la upatu mkubwa huandikwa ndani ya mabano, na mabano hayajaonekana. Wimbo bila upatu unaning'inia, na hakuna mpigaji anayeweza kuinuka kwenda nyumbani.

"Ukungu umeula?"

"Ungeula tungeona takataka, Bu. Huu umekatika safi, kama mtu aliyetoka kuchukua kitu."

Aliichomoa disketi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, mahali ambapo kiwandani hawakukata kitu, palikuwa na pengo dogo lililokwenda upande, kazi ya mkasi wa kucha. Wagimin akajipiga paji la uso. Zamani, disketi zilipokuwa ghali, kila mtu alikata pengo la pili, akaigeuza, akatumia na mgongo wake. Yeye mwenyewe alishakata mamia.

"Bahili yule," mama alisema akitabasamu. "Hata sabuni aliikata vipande."

Akaigeuza. Mgongo ulikuwa na ukungu mbaya zaidi, na kisoma disketi kilikwaruza kama ukucha kwenye sufuria. Hata hivyo tarakimu zilikuja, mstari baada ya mstari, na Kardi akarudi kukaa nyuma ya bega. Mstari wa mwisho ukafika. Mabano yakafunguka. Kisha kimya. Wagimin alijaribu tena mara mbili, akapata takataka tupu.

Ilikosekana tarakimu moja, na hakutaka kubuni. Alimuuliza mama kama aliwahi kuusikia wimbo.

"Mwisho wake tu. Ndipo alipokuwa akiinuka kuniomba kahawa."

"Uimbe huo mwisho."

Bu Sulasmi aliona haya, akatazama mvua, akaimba kwa midomo iliyofungwa. Sauti ilishuka, ikashuka tena, ikatua chini kabisa, ikakaa hapo muda mrefu.

Wagimin aliijua ilipotua. Akabonyeza tarakimu ya mbili, akafunga mabano, na mkono wake mwingine, uliokuwa umeinuka tena hewani, ukashuka polepole mezani. Kisha akawasha printa. Mama alikuwa ameshainuka, akitafuta birika kwa macho.