Ubavu wa Kushoto

...na ubavu wenyewe ni huu huu, wa kushoto, alioukimbia tangu mvua zilizopita, lakini daktari kasema lala hivyo mzee, usigeuke, basi fundi amelala, kifua wazi, mafuta ya baridi ya kipimo cha picha ya moyo yakimteleza mbavuni, uso kwa uso na mkewe aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, na hiyo pumzi inaanza kukata, si alijua, ni hii mashine, hiki kidude walichomshonea chini ya mtulinga ili moyo usisahau kupiga, tangu kiingie haruhusiwi kuchomelea hata bawaba ya geti, eti umeme utakivuruga, anakaa kwenye benchi la karakana kama mkwe aliyekuja kutembea, na nani alimshikilia akubali, si huyu huyu, kubali baba watoto, kubali niendelee kukuona... sasa angemwambiaje kwamba kitu alichomwombea ndicho kinachomkaba usiku, akageukia ukuta, kwa ubavu wa kulia kunapumulika, ukuta ukawa mke wa pili, ha, tena asiyekoroma, ila huyu wa kwanza akausogeza mto wake ukingoni, na juzi akiosha sufuria akasema, "Kama umenichoka, sema tu," naye akajibu nini, akajibu chai imepoa, mjinga mkubwa... "Kuna uvimbe ndani ya moyo," daktari anasema, uvimbe, Mungu wangu, "si saratani, mzee, nisikilize, unaning'inia kama pera kwenye kikonyo," pera, moyoni mwake mmeota pera, "ukilala kushoto uvimbe unaziba njia ya damu, ndiyo maana unakabwa, lazima tupasue tuutoe, kipande kikimeguka kikaenda kwenye ubongo..." "Ni hii mashine?" "Mashine haina kosa. Bila hiyo usingefika leo." Haina kosa, miezi yote anaisingizia, na kwa kuisingizia kamnunia nani kama si huyu, wapasue basi, wafungue kifua chote, anaogopa, anaogopa sana, lakini wafungue, anachotaka ni kulala, kulala akiwa ameelekea huku... "Akilala kushoto?" mkewe anauliza, polepole, na ule mto, ule ukuta, vyote vinampita usoni, "kwa hiyo siku zote zile..." naye anaitikia kwa kichwa, pumzi haitoshi kwa maneno, mkoba umeanguka sakafuni na mkewe hauokoti, "Tumemaliza, mzee, geuka upumue," na fundi anasikia, anasikia vizuri sana, kifua kinambana, ila hageuki, bado kidogo, kidogo tu...