Povu Kwenye Sufuria ya Mzungu

Povu lilianzia visiginoni mwa Jelagat, ndani ya birika la maji ya moto. Mwanzoni Priscah alidhani ni yale mapovu ya kawaida, yanayozuka mtoto akipiga maji na kupasuka papo hapo. Haya hayakupasuka. Yalishikana yakawa utando wa kijivu, utando ukanenepa kila mtoto alipotupa mguu wa kulia, mpaka ukamfika kidevuni.

"Mama, macho! Yanachoma!"

Priscah alimshika kwapani akamtoa mzimamzima, miguu ile miembamba ikining'inia na kudondosha povu sakafuni. Alimlaza juu ya shuka, akammwagia uso maji baridi ya ndoo. Jelagat alifumba macho akakataa kuyafumbua.

"Fungua, mama yangu. Kidogo tu."

"Siwezi. Siwezi, mama!"

Priscah akammwagia tena, macho bado yamefumbwa.

Birika lile lilikuwa kwenye veranda ya nyuma ya nyumba aliyoiacha mlowezi, huko barabara ya kutoka Eldoret kwenda Soy, alipoiuzia shamba lake kampuni ya wanakijiji waliochanga fedha. Alikuwa amelijenga kwa saruji, la mviringo, kwa ajili ya mkewe aliyesumbuliwa na mgongo. Pembeni palikuwa na pipa la chuma lililochemshwa kwa kuni za miti ya miwati, na bomba lililoshusha maji ya moto birikani. Wenyeji wapya walipoliona walicheka hadi machozi. "Kumbe mzungu alikuwa akijichemsha kama viazi!" Tangu siku hiyo likaitwa Sufuria ya Mzungu.

Nyumba ilipogawanywa, hakuna aliyetaka upande wenye Sufuria. Priscah alimsihi mumewe, Kipyego, wawaachie wengine vyumba vya sakafu ya mbao, wao wachukue veranda. Alijua anachokitaka. Polio ilikuwa imempiga Jelagat miguu, wa kushoto ukabaki bila nguvu kabisa, na nesi alimwambia wazi: mtoto apigishwe mateke kila siku ndani ya maji ya moto, ambamo mwili hauna uzito, la sivyo miguu itazidi kukauka. Nani kijijini ana maji ya moto ya kumtosha mtoto mzima?

Priscah alikuwa dobi wa nyumba ile zamani, na alizoea kumwona memsahib, mke wa mlowezi, akiyatunza maji. Siku ya kuondoka, masanduku yakiwa mlangoni, memsahib alimwachia debe la unga wa klorini wa kusafishia maji na kisanduku cha chupa ndogo za matone, akamwonyesha upesi upesi. Tone hili likigeuza maji kuwa ya manjano, klorini ipo. Lile likionyesha maji yamekuwa makali, tia magadi. Nawa kabla ya kuingia. Sabuni isikaribie, mafuta yasikaribie. Kisha gari likaondoka, na Priscah akabaki na maswali aliyokuwa hajapata muda wa kuyauliza. Kila alipochota unga ule kwa kijiko alijiuliza kama ndiyo siku atakayomuumiza mwanawe.

Sasa siku ilikuwa imefika.

Alichota maji kwenye kichupa, akatia tone. Hayakugeuka manjano. Yalibaki meupe, machafumachafu. Klorini imekwenda wapi? Jana jioni ilikuwepo, aliiona kwa macho yake! Kwa kupagawa akachota kijiko cha unga, akatia, akakoroga kwa mwiko. Povu likapanda zaidi. Akaongeza kingine. Harufu kali ikapanda ikamkaba koo, akarudi nyuma akikohoa, machozi yakimtoka.

Wanawake waliokuja kuchota maji kwenye tangi walimkuta hivyo, mtoto amefumba macho, mama anakohoa, na Sufuria imefura povu kama chungu kilichosahauliwa motoni.

"Sumu!" mmoja akapiga kelele. "Mzungu alituachia sumu!"

Neno hilo lilizunguka shamba zima kabla chai ya asubuhi haijapoa. Wote walikunywa kutoka tangi moja, lile lile lililojaza Sufuria. Ndoo zikamwagwa. Masufuria ya chai yakamwagwa. Mama mmoja alikuwa akimtia mwanawe kidole kooni atapike. Kila mtu sasa alikumbuka maneno ambayo mlowezi eti aliyasema akiondoka, kwamba hawatakaa pale kwa raha.

Johnstone, mwenyekiti wa kampuni, alikuja na nyundo kubwa begani. Tangu mwanzo alitaka birika livunjwe, papatikane nafasi ya kuweka mahindi.

"Nilisema mimi. Nilisema au sikusema? Vitu vya watu hawa havichezewi. Mama Jelagat, ondoka hapo."

"Mwenyekiti, ngoja kidogo," Kipyego alisema. Alikuwa amemkumbatia Jelagat, uso wa mtoto kifuani mwake.

"Ningoje nini? Ningoje tuzike?"

Priscah hakuondoka. Aliketi chini, kijiko bado mkononi. Johnstone anaogopa sumu ya mzungu, aliwaza, lakini huenda sumu ni mimi. Mkono uliotia unga ule ni wangu. Bila Sufuria miguu ya Jelagat itakauka. Kwa sababu ya Sufuria macho yake yamefungwa. Alishindwa kujua aombe kipi.

"Nimempofusha," alisema. "Nimempofusha mtoto wangu."

Kogo alitoka chumbani akijikokota kwa fimbo yake. Ndivyo walivyomwita mama yake Kipyego, yaani bibi, na hata majirani walimwita hivyo. Alikuwa amezibwa masikio na uzee, na ghasia ile alikuwa ameisikia kwa mbali tu. Alimwona mkamwana wake analia, akainama akamshika bega.

"Nyamaza, Priscah. Usiogope laana ya mzungu yule. Haiwezi kumgusa mtoto. Alfajiri nimeyabariki maji yenyewe."

"Umeyabariki?"

"Sisi tukiingia nyumba mpya hatunyunyizi maziwa? Mlihamia hapa mkasahau mahali mtoto anapoketi kila siku. Nikachukua kibuyu cha maziwa mabichi, nikamimina chote. Hata yeye nilimpaka siagi mgongoni, ili baraka imwingie vizuri."

Priscah alimtazama yule mzee, akatazama povu, akasikia tena sauti ya memsahib mlangoni: mafuta yasikaribie.

Alisimama. Alichukua mitungi miwili ya jamu, akaijaza maji ya tangi, akatia chembe za klorini katika kila mmoja. Ule wa pili akauongezea maziwa na siagi kidogo kwa ncha ya kidole. Akaifunga akaitikisa mbele ya Johnstone.

Mtungi wa kwanza ulitulia upesi. Wa pili ulivimba povu la kijivu mpaka kwenye kifuniko.

"Ni maziwa, Mwenyekiti. Klorini imekula maziwa ikaisha, mimi nikaongeza nyingine juu yake. Ndiyo harufu hiyo. Tangi halina neno."

Johnstone aliinusa mitungi yote miwili, akaiweka mbali na pua. "Na macho ya mtoto?"

Priscah alimtazama Jelagat kifuani mwa babake.

"Sijui," alisema.

"Basi sikilizeni. Sitavunja leo. Jumapili wanachama watakuja. Atakayeingia humo, awe wewe kwanza. Tukuone. Ukitoka mzima, tutazungumza." Aliipandisha nyundo begani. "Ukikataa, najua kazi yangu."

Siku hiyo nzima Priscah aliyaosha macho ya Jelagat kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tone kwa tone, kwa kitambaa safi. Kope zilivimba. Kila mtoto alipouliza "ni mchana bado?" mama aliloweka kitambaa upya. Kogo aliketi kizingitini, ameweka kibuyu kitupu mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema hatimaye.

Priscah aliweka kitambaa chini. "Ulimpenda, Kogo. Hukukosea kumpenda. Maji ndiyo hayajui maziwa."

"Maziwa hayajawahi kumuumiza mtu."

"Hayajawahi. Na mimi ningekuambia mapema vitu visivyotakiwa humu, lakini niliogopa mtaniona nimekuwa mzungu."

Bibi alicheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Jelagat akageuza kichwa kuelekea sauti ile. "Kogo, mbona una kitambaa chekundu kichwani?"

Priscah aliinama mpaka paji la uso wake likagusa godoro.

Waliyatoa maji yote. Kipyego alisugua saruji kwa mchanga, bila sabuni, kisha wakajaza upya na kuwasha miwati. Priscah alipima matone mpaka mkono ukachoka, asubuhi na jioni, na bado hakuyaamini macho yake.

Jumapili wanachama walijaa verandani na nguo zao za kanisani. Johnstone alisimama mbele, nyundo chini ya mikono yake. Kogo alichovya majani kwenye maziwa, akanyunyizia mlangoni na ardhini, mbali na maji, akamtazama mkamwana wake kama anayeuliza. Priscah akaitikia kwa kichwa.

Kisha akavua viatu akaingia na gauni lake. Hakuwa amewahi kuketi ndani ya Sufuria hata siku moja. Joto lilimpanda kifuani, na mwili wote ukataka kuruka nje. Alivuta pumzi akazama, na chini huko akafumbua macho. Aliona miguu yake mwenyewe, ikiyumba kwa mawimbi. Hakikumchoma kitu.

"Macho yako vipi?" Johnstone aliuliza alipoibuka.

"Yanakuona. Hujanyoa."

Watu wakacheka, hata yeye. Priscah hakucheka. Alinyoosha mikono, na Kipyego akampa mtoto.

Jelagat alishika shingo ya mama yake, akajitupa nyuma, akapiga maji. Mapovu yakazuka, meupe, mengi. Veranda nzima ikainama kutazama. Priscah aliyakodolea macho, akiyangojea yashikane.

Yalipasuka. Moja, jingine, yote, mpaka maji yakabaki wazi na akaiona sakafu.

Ndipo alipotambua kwamba yalikuwa yamezuka upande wa kushoto. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa haujawahi kupiga chochote.

"Tena," alisema. "Piga tena, mama yangu."

Johnstone alikuwa ameiegemeza nyundo ukutani, na alikuwa amechutama kando ya maji ili aone vizuri.