Firigisi za Korongo

Kila mwaka korongo weupe hupita juu ya safu ya vilima vyetu hapa Mtinko. Wanazunguka na upepo, wanapanda juu, hata bawa hawapigi. Mwaka huu viwavijeshi walivamia mtama wangu, na korongo wakashuka kuwala. Nikafurahi, eti nimeletewa msaada. Msaada gani, mjinga mimi! Nilikuwa nimeshapuliza shamba zima kwa dawa ya kupe, bila kupima. Ni ile chupa iliyomuua mbwa wetu, ambayo mume wangu Antipasi aliniambia nikaifukie. Nilimwambia nimeshafukia.

Asubuhi nikakuta korongo tisa chini, wengine bado wanatetemeka. Mara simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Felista, anakaa ng'ambo ya kilima.

"Wifi, njoo na bakuli! Korongo watatu wameanguka wenyewe uani kwangu. Wanono hao! Tumeshawanyonyoa."

Ningesema neno moja tu, sumu. Lakini Antipasi alikuwa huko huko tangu alfajiri, anamjengea dada yake banda la mbuzi, na angesikia. Nikaogopa, jamani. Nikasema, "Usiinjike, nisubiri, nakuja."

Nikapanda kile kilima mbio, kanga imenidondoka njiani, sikurudi kuiokota. Nilikuwa nawaona watoto wa Felista, wote wanne, wamelala kama wale korongo. Nikawa nasema kwa sauti, Mungu wangu, wasile, wasile.

Sufuria ilikuwa jikoni, inatokota. Nikaipiga teke, mchuzi ukamwagikia majivu.

"We Magdalena, una wazimu?" Felista akanivamia.

"Sumu! Nimewaua mimi, kwa dawa! Nani ameonja?"

Watoto wakatikisa vichwa. Nikawashika mmoja mmoja, nikawafungua midomo, nikanusa. Hakuna. Nikakaa chini nalia kwa furaha.

"Nani aonje nyama mbichi?" Felista akasema, sauti imeshuka. "Nimechoma firigisi tu. Si unajua ni za mwanamume. Nimempa kaka."

Antipasi alikuwa amekaa juu ya gogo kando ya banda, nyundo imemwangukia miguuni. Alijifuta mdomo kwa mkono, akajifuta tena, mate hayakwisha.

"Dawa gani, Magda?" akaniuliza.

Nikamwambia.